"Niachie nywele hapa pembeni"

Jumamosi asubuhi kinyozi wa Butali hana nafasi ya kumeza mate. Nje, barabara ya Kakamega kwenda Webuye inanguruma. Matrekta yaliyosheheni miwa yanapita yakielekea kiwandani, na watoto wanayanyemelea kwa nyuma kuchomoa bua moja moja. Ndani ya kibanda cha mabati wanafunzi wamebanana kwenye benchi, wengi na hela zao mkononi. Keshokutwa mwalimu wa zamu atapita katikati ya mistari ya gwaride akikagua vichwa.

Zamu ya kijana wa miaka kama 11 hivi ikafika. Akapanda kiti, akafungwa shuka shingoni, na kabla mashine haijawashwa akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba kukopeshwa: "Anko, niachie nywele hapa pembeni." Akagusa juu ya masikio yake.

Kinyozi hakucheka. Alimtazama kwenye kioo, kisha akanigeukia mimi niliyefuata kwenye foleni, macho yake yakakaa kidogo kwenye masikio yangu. "Shuleni hawatakubali, kijana wangu," akasema. "Hebu muulize huyu."

Nami ningemwambia nini? Nilisoma shule ya msingi si mbali na hapo, wakati sahani za setilaiti zilipoanza kuota juu ya mapaa ya maduka, na muhula wa kwanza haukuisha kabla sijaitwa Dishi. Mvua ikinyesha wenzangu waliniuliza kama picha bado ni safi.

Kuna nchi ambako mtoto anafuga nywele, na sikio lililochomoza linabaki siri ya nyumbani. Kwetu kanuni ya shule huliweka hadharani. Wavulana hunyolewa kichwa chote, na katika shule nyingi za msingi za umma wasichana vilevile, mpaka mgeni akitazama darasa zima kutoka nyuma hawezi kumtenga Akinyi na Wafula. Kichwa kikiwa kitupu, sikio ndilo linalobaki kumtambulisha mtu. Sijasikia kamati ya wazazi ikilijadili hilo hata mara moja, ingawa kamati hizo zimewahi kujadili mpaka rangi ya soksi.

Mama wa kijana aliingia kumlipia mwanawe. Kinyozi, ambaye hana siri, akamwambia mimi ni mtu wa magazeti. Mama akavuta kiti. "Sasa ndugu yangu, nasikia Nairobi wanayashona masikio yakalala. Ni kweli, ama ni mambo ya TikTok?"

Ni kweli, na si jambo la jana. Mwaka 1881 daktari mmoja wa New York, Edward Talbot Ely, alichapisha taarifa ya mvulana wa miaka 12 ambaye masikio yake yalikuwa yamechomoza, na ambaye wenzake shuleni hawakumpa nafasi ya kupumua. Ely alikata ngozi na kipande cha gegedu nyuma ya sikio moja, akashona, na baadaye akafanya vivyo hivyo upande wa pili. Ukisoma habari hiyo ukiwa Butali unashangaa jinsi jambo lisivyobadilika: mgonjwa ni mwanafunzi, na ugonjwa wenyewe uko midomoni mwa wanafunzi wenzake.

Shika sikio lako sasa hivi. Utahisi ukingo wa nje, unaozunguka kama mdomo wa chungu. Ndani ya ukingo huo kuna tuta la pili linalokwenda sambamba nao, na katikati kuna bakuli linaloelekea tundu la kusikilizia. Chini kabisa ni ndewe, nyama tupu isiyo na gegedu, pale wanawake wanapotoga. Kwa watu wengi ukingo huwa umbali wa sentimita 1.5 hadi 2 kutoka kichwani. Sikio likichomoza, mara nyingi ama lile tuta la ndani halikujikunja mtoto alipokuwa tumboni, likabaki bapa kama chapati, ama bakuli limekuwa na kina kupita kiasi, likalisukuma sikio zima mbele. Kuna wenye yote mawili. Ni mambo ya ukoo: yangu nimeyatoa kwa mjomba, naye hakuwahi kuomba radhi.

Sikio lililochomoza na sikio kubwa ni vitu viwili, ingawa uwanjani yote huitwa dishi. Sikio linaweza kuwa na urefu wa kawaida kabisa likaonekana kubwa kwa kuwa limefunguka kama mlango. Kuna pia masikio makubwa ya kweli, ambayo hata yakilazwa yanabaki makubwa. Halafu kuna masikio ya wazee. Mwaka 1995 James Heathcote, daktari wa mtaani huko Bromley, Uingereza, alichapisha matokeo ya kupima masikio ya wagonjwa 206 wenye umri wa kuanzia miaka 30. Hesabu yake ilionyesha kwamba sikio hurefuka kwa wastani wa milimita 0.22 kila mwaka, yaani zaidi kidogo ya sentimita moja kwa nusu karne. Wazee wetu wanaokaa mbele kwenye matanga na masikio yao marefu hawakuzaliwa nayo hivyo. Wameyafikia.

Na kabla hatujafika kwenye kisu: sikio lililochomoza halisikii vibaya, wala halisikii vizuri zaidi. Operesheni ya kulilaza haigusi sehemu ya ndani inayosikia. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya kulirekebisha tunazungumza juu ya sura, na juu ya vile mtoto anavyoingia darasani. Sisemi hilo ni dogo. Barack Obama, ambaye ukoo wa babake uko Kogelo, mwendo wa saa chache tu kutoka hapa, aliwahi kusema alitaniwa sana utotoni kwa sababu ya masikio yake. Alikuwa tayari seneta, na bado alikumbuka.

Njia za daktari ni mbili kwa asili yake, na wapasuaji wengi huzichanganya. Ya kwanza ni ya uzi. John Mustardé, mpasuaji wa Scotland, aliieleza mwaka 1963: unapasua nyuma ya sikio, mahali ambapo kovu litajificha kwenye mkunjo, kisha unapitisha nyuzi za kudumu kwenye gegedu na kuzivuta mpaka lile tuta lililokosekana lijikunje. Ni kama kukaza kamba za gunia ili mdomo ujikusanye. Ikiwa tatizo ni bakuli, kuna uzi mwingine, ulioelezwa na David Furnas wa Marekani mwaka 1968, unaofunga bakuli lenyewe kwenye utando mgumu wa mfupa ulio nyuma ya sikio na kulivuta karibu na kichwa. Mustardé hakuishia Ulaya: baada ya kustaafu alikwenda Ghana, na kituo cha upasuaji wa kurekebisha maumbile na majeraha ya moto katika hospitali ya Korle Bu, Accra, kimetokana na juhudi zake. Watu waliotibiwa huko kwa majeraha ya moto huenda hawajui kwamba jina lake madaktari hulitaja kila wanaposhona masikio.

Njia ya pili inatumia tabia ya gegedu lenyewe. Mwaka 1958 Thomas Gibson na mwenzake Davis, huko Glasgow, walionyesha kwamba gegedu hujivuta kwa nguvu pande zote mbili kama ngozi ya ngoma; ukiukwaruza upande mmoja, nguvu ya upande huo hulegea na gegedu hujipinda kuuelekea upande mzima. Stenström wa Sweden alilichukua wazo hilo kwenye masikio mwaka 1963: kwaruza mbele, na sikio litajikunja nyuma lenyewe. Njia ya uzi haikati gegedu, na ikikosewa inaweza kurudiwa, lakini uzi unaweza kulegea au kujitokeza chini ya ngozi miaka baadaye. Njia ya kukwaruza inashika vizuri kwenye gegedu gumu la mtu mzima, lakini mkono mzito huacha kona kali kwenye sikio, kona inayoonekana hata kwa mtu wa upande wa pili wa barabara. Ukimwona daktari anayekuhakikishia kwamba yake haina hatari yoyote, chukua kofia yako.

Kazi yenyewe huchukua saa moja hadi mbili. Mtu mzima anaweza kufanyiwa kwa ganzi akiwa macho; mtoto kwa kawaida hulazwa kwa dawa ya usingizi, kwa sababu hakuna mtoto wa miaka sita atakayetulia mtu akimchezea sikio kwa sindano. Madaktari wengi husubiri mpaka miaka mitano au sita, sikio likiwa limekaribia ukubwa wake wa utu uzima na gegedu bado laini. Huo ndio umri wa kuingia shule, na kuna wanaopenda kumaliza kabla majina ya utani hayajaanza. Mimi ningeongeza jambo moja: mtoto awe ameomba mwenyewe. Nimeona mama anayelia kuhusu masikio ya mwanawe huku mwana mwenyewe yuko nje anacheza mpira na hana habari.

Sikio kubwa kwa kweli ni kazi nyingine. Hapo daktari hukata kipande chembamba chenye umbo la mwezi mwandamo, au kabari, kutoka ndani ya ukingo, akarudisha ukingo mahali pake na kushona. Hali kadhalika ndewe ndefu hupunguzwa. Kovu hapa haliwezi kujificha nyuma kabisa. Linapita mbele ya sikio. Kwenye ngozi nyeupe hilo ni mstari mwembamba tu. Kwetu ndipo mazungumzo yanapoanza.

Binamu yangu alitoga masikio sokoni alipokuwa darasa la nane. Tundu la kulia lilipona. La kushoto likaanza kuvimba: kwanza kama punje ya mahindi, baada ya mwaka kama njugu mawe, na alipomaliza kidato cha nne alikuwa anafunga leso kila siku kufunika kitu kigumu, chenye kung'aa, kikubwa kama pera changa. Alikwenda hospitali, akakatwa, akarudi nyumbani siku hiyo hiyo akifurahi. Hakuna aliyemwambia arudi kwa sindano. Ndani ya miezi minane kilikuwa kimerudi, kikubwa kuliko kwanza.

Hiyo ni keloidi, kovu ambalo halijui mahali pa kuacha. Mwili unaponya jeraha kisha unaendelea kujenga nyama ngumu nje ya mipaka ya jeraha lenyewe. Watu wa asili ya Kiafrika hupatwa nayo zaidi kuliko Wazungu, na sikio ni moja ya sehemu zake pendwa, pamoja na kifua na mabega. Ikikatwa tu bila matibabu mengine, vitabu vya tiba vinasema hurudi kwa kati ya asilimia 45 na 100 ya wagonjwa. Ndiyo maana madaktari wanaoijua hukata na kisha kudunga dawa ya steroidi kwenye kovu, mara kadhaa katika kipindi cha wiki na miezi, pengine pamoja na herini ya kubana inayovaliwa usiku, na katika baadhi ya vituo mionzi. Kazi kubwa inafanywa baada ya kisu, si kwa kisu. Binamu yangu alifanyiwa nusu ya matibabu, na nusu hiyo ndiyo iliyomgharimu.

Sasa rudi kwenye sikio lililochomoza. Operesheni nzuri kabisa ya kulilaza inaacha jeraha refu nyuma ya sikio, kwenye ngozi ile ile. Mtu ambaye kovu la chanjo begani lilimvimba, au ambaye mama yake au dada yake ana keloidi ya herini, anaweza kwenda na masikio ya dishi na kurudi na masikio yaliyolala lakini yenye matuta ya keloidi nyuma yake. Kwa familia yenye historia hiyo, ningemshauri mtu aishi na dishi. Na kwa wanaotaka tu kutoga, uchunguzi mmoja wa Marekani wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba waliotoga wakiwa na umri wa miaka 11 au zaidi walipata keloidi kwa wingi kuliko waliotoga wadogo. Bibi zetu waliotogwa wakiwa wachanga hawakuwa na haja ya uchunguzi huo.

Mama wa kijana alikuwa akinisikiliza huku akihesabu. "Kwa hiyo tumechelewa?" aliuliza.

Kwa operesheni, hapana. Lakini kwa njia nyingine, isiyo na kisu kabisa, alichelewa kwa miaka 11, na hakuna aliyemwambia.

Mtoto anapozaliwa, gegedu lake ni laini kama ganda la ndizi. Homoni ya mama aina ya estrojeni bado imo mwilini mwake, na ndiyo inayolifanya liweze kufinyangwa. Kiwango hicho kinashuka haraka, na kufikia wiki ya sita hivi kimeisha, gegedu limeanza kuwa gumu na lenye kumbukumbu. Mwaka 1984 daktari Matsuo na wenzake huko Japani walieleza kwamba sikio la mtoto mchanga linaweza kusahihishwa kwa kuliwekea umbo na kulishika kwa plasta, bila sindano wala dawa ya usingizi. Kifaa ni kidogo: kipande laini cha kushikilia lile tuta, na plasta ya hospitalini ya kulivuta sikio karibu na kichwa, kwa wiki mbili hadi sita. Ukianza ndani ya wiki mbili tatu za kwanza matokeo huwa mazuri zaidi. Ukianza baada ya wiki ya sita unapigana na jiwe. Baadhi ya masikio hujinyoosha yenyewe katika wiki ya kwanza, kwa hiyo hata daktari huangalia kwanza kabla ya kubandika. Mengine hulala vizuri siku ya kuzaliwa na kuanza kuchomoza baadaye, na hayo hayazuiliki.

Fikiria kalenda ya mama wa Butali. Mtoto anazaliwa, anachomwa chanjo ya kifua kikuu, anapewa matone ya polio, mama anarudi nyumbani. Kwa wengi, siku ya kurudi kliniki bila kukosa ni chanjo ya wiki ya sita. Ni kana kwamba mtu ameziweka tarehe hizo kwa makusudi ili mlango wa gegedu ufungwe siku mama anapofika. Kukhu wangu, yaani bibi, alikuwa akikanda kichwa na pua ya kila mjukuu mchanga kwa mafuta, asubuhi na jioni, akisema anamtengeneza. Pua za familia yetu hazionyeshi matunda ya kazi hiyo, lakini wazo lake halikuwa la kipuuzi. Alikosea kiungo tu. Mkunga anayemkagua mtoto siku ya kwanza, akihesabu vidole na kuangalia kitovu, angeweza kutazama masikio kwa nusu dakika na kumwambia mama aje tena kabla wiki ya pili haijaisha. Hakuna chumba cha upasuaji kinachohitajika, wala kusubiri foleni Nairobi. Nusu dakika tu.

Nusu dakika hiyo ina faida nyingine kubwa kuliko masikio ya dishi. Kuna watoto wanaozaliwa na sikio dogo lililokunjamana, au lisilokuwepo kabisa, tundu likiwa limeziba. Mara nyingi huwa upande mmoja. Hao wanahitaji kupimwa kusikia mapema, kwa sababu mtoto asiyesikia vizuri huchelewa kuzungumza, na darasani huonekana mjinga. Sikio lao hujengwa baadaye kutoka kwenye gegedu la mbavu, katika operesheni kadhaa. Mwanzilishi wa njia hiyo ya kisasa ni Radford Tanzer wa Marekani, mwaka 1959. Masikio makubwa huchekwa hadharani, lakini haya madogo hufichwa chini ya kofia ya sufi, na mzazi akiulizwa husema mtoto ana baridi.

Ninapoandika "upasuaji wa plastiki" wasomaji wengine hufikiria matiti ya Hollywood, na pengine mtungi wa plastiki. Hakuna plastiki inayohusika. Neno lenyewe linatoka kwenye Kigiriki likimaanisha kufinyanga, kazi ambayo wafinyanzi wa Magharibi mwa Kenya wanaifahamu vizuri kuliko wengi. Na sisi Wakenya tuna deni kwa wafinyanzi hawa wa mwili tusilolikumbuka: Amref, shirika la Madaktari Warukao ambalo ndege zake kila mtu amezisikia, lilianzishwa mwaka 1957 na wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, na wote watatu walikuwa wapasuaji wa plastiki. McIndoe ndiye aliyejenga upya nyuso za marubani wa Uingereza walioungua katika Vita vya Pili vya Dunia. Walipoikazia macho Afrika Mashariki waliona makovu ya moto, midomo iliyopasuka na majeraha ya wanyama. Masikio yaliyochomoza hayakuwa kwenye orodha yao, nami sidhani walikosea.

Masikio yaliyochanwa, hata hivyo, yana historia ndefu katika ukanda huu. Mashariki ya Kabras, eneo letu hili la Butali, ukipanda ngema, ni kwa Wanandi, na wazee wa sokoni Butali bado wanakumbuka wageni kutoka huko ambao ndewe zao zilinyooshwa tangu utotoni kwa vijiti na mapambo, mpaka zikafika karibu na bega, na mwenye kutaka kufanya kazi akaikunja ndewe na kuitundika juu ya sikio kama mtu anayepandisha mkono wa shati. Pwani, wanawake wa Kiswahili walivaa majasi kwenye ndewe zilizopanuliwa, na ukingo wa sikio wakautoga matundu kadhaa. Huko hakuna aliyecheka sikio kubwa. Sikio dogo lisilopambwa ndilo lililokuwa la maskini. Kisha zikaja shule, misheni na ajira za serikali, na sikio lililokuwa fahari likawa aibu ya kushonwa. Kushona ndewe iliyochanika ni operesheni rahisi: ganzi, kukata kingo za tundu ili ziwe mbichi, kisha kuziunganisha. Ni ya zamani pia. Sushruta wa India, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, aliorodhesha njia nyingi za kurudisha ndewe zilizopasuka.

Anayeamua kwenda kulaza masikio aanzie kwa daktari wa masikio, pua na koo kwenye hospitali ya rufaa. Wapasuaji wa plastiki nchini ni wachache na wengi wao wako Nairobi. Kabla ya kulipa chochote, jina la daktari litafutwe kwenye orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno nchini, KMPDC, ambayo iko mtandaoni na haina malipo. Kwa kawaida bima hazilipi urembo, kwa hiyo aulize mchanganuo: gharama ya chumba cha upasuaji, ya daktari wa usingizi, ya bandeji, ya ziara za kurudi. Na nauli. Mtu wa Butali asirudi nyumbani siku ya pili. Siku mbili tatu za kwanza ndizo za hatari, hasa damu ikivilia kati ya ngozi na gegedu. Dalili yake ni maumivu makali ya upande mmoja yasiyotulizwa na dawa, na jeraha linahitaji kufunguliwa saa hiyo hiyo, kwa sababu gegedu linalokosa damu hufa na kujikunja. Yeyote anayewafuatilia wachezaji wa raga wa Kabras amewahi kuona sikio la namna hiyo: nene, lenye matuta, kama koliflawa. Kwa hiyo omba kitanda kwa shangazi aliyeko Nairobi au Eldoret kwa wiki nzima.

Baada ya hapo kuna utepe wa kichwani, mchana na usiku kwa siku za kwanza, kisha usiku tu kwa wiki nne hadi sita. Hakuna kubeba mtungi wa maji wala mzigo wa kuni kichwani. Hakuna kofia ngumu ya bodaboda inayosugua sikio, na hii kwa hapa ina maana ya kutembea kwa miguu. Hakuna raga, hakuna hoki. Na kwa vile masikio mawili ya binadamu hayafanani hata kabla ya kisu, hayatafanana baada yake. Mwenye kutarajia ulinganifu wa kioo atarudi akilia kuhusu milimita.

Nyumbani, kuna watu wanaobandika masikio kwa gundi kila asubuhi. Gundi ya viatu haijui kama ni ngozi au ni soli. Nimeona vidonda nyuma ya masikio ya mtu mzima, afisa wa benki mwenye tai safi, kwa sababu hiyo.

Mama wa kijana alikuwa amemaliza hesabu yake. Alimtazama mwanawe kwenye kioo. "Wewe wasemaje?" alimuuliza.

Kijana akafikiri. "Wiki ijayo tuna mechi," alisema.

Kinyozi alikuwa amefanya kitu wakati tukiongea. Alikuwa amenyoa juu kwa namba moja, na pembeni kwa namba mbili, tofauti ndogo ambayo mwalimu wa zamu, akipita katikati ya mistari, hataweza kuithibitisha. Alipangusa shingo kwa brashi, akamgeuza kijana kushoto, kulia. Kijana akatabasamu kidogo, akamrukia dada yake mdogo mlangoni, wakatoka.

Nikapanda kiti. Kioo kilikuwa na nywele zake bado.

"Na wewe, nikuachie pembeni?"

"Toa zote."

Akakunja sikio langu la kushoto kwa kidole gumba, akalibana kichwani, akapitisha mashine nyuma yake, kisha akaliachia. Likarudi palepale.